Maharage yananyauka kwa viraka: je, niendelee kupanda hapo hapo kama wakulima wa ngano?

Swali: Shikamoo mtaalamu. Nina shamba la karibu eka moja Buhigwe, upande wa Manyovu. Kwa miaka minne napanda maharage mara mbili kwa mwaka, mvua zikianza na tena mwezi wa pili, kwa sababu ndiyo yanayonilipia ada za watoto. Tangu mwaka juzi yanaota vizuri, lakini yakifika wiki ya tatu yanageuka manjano kwa viraka, yanadumaa, na mengine yanakauka kabisa. Kila msimu viraka vinapanuka. Muuza pembejeo alinipa dawa ya kupuliza, sijaona tofauti. Mdogo wangu anayesoma chuo cha kilimo anasema huko Ulaya ngano ikishikwa na ugonjwa wa mizizi, wakulima huendelea kupanda ngano hapo hapo mpaka ugonjwa unaisha wenyewe. Ni kweli? Na mimi niendelee tu?

Jibu: Marahaba, ndugu yangu. Mdogo wako hakukudanganya, jambo hilo lipo na limethibitishwa. Lakini wewe usiendelee. Ugonjwa wa ngano anaousema si huu ulio nao, na kilichowaokoa wale wenye ngano hakitakuokoa wewe. Hata hivyo wale watafiti wa ngano na shayiri wana njia zao za kuuchunguza udongo, na njia hizo unaweza kuzifuata hapo nyumbani kwako bila maabara. Nitafika huko.

Kwanza hiyo ngano. Kuna fangasi wa udongoni aitwaye Gaeumannomyces, anayeshambulia mizizi ya ngano na ya shayiri. Anaifanya mizizi kuwa myeusi ti, anapanda hadi kwenye shingo ya shina, na mmea unakosa maji wakati ule ule unaojaza punje. Shamba bado la kijani, lakini humo ndani unaona masuke meupe yamesimama wima. Ukiyapukuta mkononi, ama hayana kitu au yana punje zilizosinyaa. Ngano ikifuatana na ngano, mwaka wa pili hadi wa nne huwa wa hasara kubwa. Baadaye, mara nyingi kati ya mwaka wa nne na wa sita, ugonjwa unaanza kurudi nyuma bila dawa yoyote, na mavuno yanapanda tena, ingawa kwa kawaida hayafikii yale ya ngano iliyopandwa baada ya zao jingine. Pale Rothamsted, Uingereza, lipo shamba la majaribio liitwalo Broadbalk lililoanza kupandwa ngano mwaka 1843, na hadi leo lina sehemu ambazo ngano hupandwa juu ya ngano. Jambo hili limeonekana hapo pia.

Kwa nini hutokea hivyo? Mmoja wa waliolichimba swali hili kwa kina ni R. James Cook, mtafiti wa magonjwa ya mimea aliyefanya kazi Pullman, jimbo la Washington, Marekani. Yeye na Albert Rovira wa Australia waliandika mwaka 1976 kuhusu udongo wa mashamba ya ngano ya muda mrefu. Udongo huo ulipochanganywa kidogo tu kwenye udongo uliouawa viumbe vyake, na fangasi wa ugonjwa akatiwa humo, ngano ilipata nafuu. Ulipopashwa moto kwanza, nyuzi 60 kwa nusu saa, nguvu hiyo ilipotea. Maana yake kinga ile ilikuwa kitu hai. Uchunguzi wa baadaye wa Cook, David Weller na wengine ulionyesha kwamba ni bakteria wa kundi la sudomonasi wanaoishi juu ya mizizi ya ngano na kutoa kemikali inayomdhoofisha yule fangasi. Wanaongezeka pale tu mizizi inapokuwa imeshambuliwa, kwa hiyo lazima ugonjwa uwake kwanza ndipo kinga ijengeke. Na mkulima akiingiza zao jingine katikati, kinga hiyo huweza kupungua, akaanza upya.

Sasa angalia masharti yake. Ni lazima ukubali miaka kadhaa ya hasara, na mwenye kuweza hilo ni mkulima wa mamia ya hekta. Ni lazima adui awe yule yule mmoja. Na ni lazima ile mizizi iwe makao ya bakteria wale. Maharage yanayooza mizizi katika nyanda zetu za juu mara nyingi hayana adui mmoja. Katika kiraka kimoja unaweza kuwakuta vimelea watatu wa udongoni, fusari, pithiamu na rizoktonia, pamoja, na juu yao inzi wa maharage. Fusari wa kuoza mizizi ya maharage huacha udongoni mbegu zake zenye ngozi nene, zinazokaa miaka mingi zikisubiri mzizi wa harage. Ukipanda maharage msimu kwa msimu unamlisha tu.

Majirani zetu wamelipia somo hili. Magharibi ya Kenya, katika Kakamega na Vihiga, watu ni wengi na ardhi ni ndogo, hivyo maharage yalifuatana na maharage mwaka hata mwaka. Katika miaka ya 1990 kuoza kwa mizizi kuliwapiga vibaya kiasi kwamba baadhi ya wakulima waliacha kabisa kulima maharage. Rwanda nayo iliathirika. Hakuna mahali pale ambapo ugonjwa ulichoka wenyewe. Kilichosaidia ni mbegu zinazostahimili, samadi na majani ya kurutubisha, matuta, na kulipumzisha shamba na maharage. Nalisema hili kwa uzito kwa sababu shamba lako, kwa maelezo yako, linaelekea huko huko, na bado una nafasi ya kulirudisha.

Sasa chukua jembe. Usiing'oe mimea kwa kuivuta, kwa sababu mizizi iliyooza itabaki ardhini na wewe utabaki na mizima, useme mmea hauna neno. Chimba kuuzunguka, inua na bonge lake la udongo, uloweke kwenye beseni la maji kama robo saa, kisha uoshe taratibu kwa vidole. Chimba mimea ya namna tatu: iliyo katikati ya kiraka, iliyo ukingoni ambayo ndiyo kwanza inaanza kupauka, na mizima iliyo mbali. Ile ya ukingoni ndiyo itakayokuambia ukweli. Ya katikati imekwisha kuvamiwa na kila kiumbe kinachokula vitu vilivyokufa, na hata mtu wa maabara itampotosha.

Weka mizizi juu ya sahani nyeupe, mahali penye mwanga. Ukiona michirizi myekundu-kahawia inayoteremka na mzizi mkuu, baadaye mzizi wote umekuwa kahawia na mkavu, na juu yake karibu na uso wa udongo mmea umeotesha mizizi mipya myeupe, mfikirie fusari. Ukiona mzizi laini wenye majimaji, na ukiubana kwa kucha mbili na kuvuta ganda la nje linachomoka kama ala ya kisu na kubakiza uzi mwembamba wa ndani, huyo ni pithiamu. Hupenda udongo uliojaa maji na wa baridi, kwa hiyo viraka vyake utavikuta kwenye kibonde cha shamba, mahali maji ya mvua yanapotuama. Rizoktonia huacha kidonda chekundu-kahawia kilichodidimia kwenye shina chini kidogo ya uso wa udongo, wakati mwingine kikizunguka shina lote. Ukikuta utando mweupe kwenye shingo ya mmea, na ndani ya utando vipunje vya kahawia vinavyotoshana na ulezi, huyo ni sklerotiamu, na huyo hushambulia pia karanga na nyanya. Mwisho pasua shina kwa urefu kwa wembe. Mzizi wa nje ukiwa mzuri lakini mishipa ya ndani ni ya kahawia, una mnyauko fusari, ndugu wa yule wa kwanza lakini ugonjwa tofauti.

Usimsahau inzi wa maharage, maana dalili zake juu ya ardhi ni hizo hizo: manjano, kudumaa, kufa katika wiki za mwanzo. Shina lililoshambuliwa huvimba na kupasuka karibu na ardhi. Bandua ganda hapo pasukapo. Ukikuta funza mdogo mweupe, au kijifuko cha kahawia au cheusi kilichojibana chini ya ganda, basi una inzi, na huenda anaipatia fusari mlango wa kuingilia. Dawa ya fangasi peke yake hapo haifui dafu.

Na vile vivimbe vya mizizini usivikimbilie kuviita ugonjwa. Kile kinachobanduka kwa kukigusa, na ukikipasua ndani ni chekundu au cha waridi, ni kinundu cha bakteria wanaoulisha mmea naitrojeni. Hicho ni rafiki. Kivimbe kisichobanduka, yaani mzizi wenyewe ndio uliovimba, ni kazi ya minyoo fundo.

Sasa lile jaribio. Watafiti wa ngano walikuwa na swali kama lako: mazao yanadumaa, je, ni njaa ya udongo au ni kitu hai kinachokula mizizi? Wakaua viumbe kwenye sehemu ya udongo, wakapanda, wakalinganisha. Huko Pullman ndivyo walivyotambua kwamba mashamba yaliyodhaniwa kuwa mazima yalikuwa yakipoteza mavuno kwa pithiamu anayekula vijizizi vidogo bila kuua mmea. Wewe fanya hivi. Chota udongo wa ndani ya viraka, kina cha kiganja, kutoka sehemu nyingi, uchanganye upate kama ndoo mbili. Gawa mara mbili. Nusu ilowanishe iwe na unyevu wa kawaida, itie kwenye pipa au sufuria kuukuu lenye mfuniko, juu ya mawe au vijiti na maji kidogo chini, upike kwa mvuke. Fukia kiazi mviringo kidogo katikati ya udongo, na kikiiva, umetosha. Usiuchome mpaka uwe majivu, utaharibu udongo wenyewe. Uache upoe, uukalishe wiki mbili ukiwa na unyevu kidogo kabla ya kupanda.

Tafuta makopo yanayolingana, yatoboe chini. Jaza mengine udongo mbichi, mengine udongo uliopikwa, na mengine udongo uliopikwa uliochanganywa na mbichi, sehemu moja kwa kumi. Angalau makopo matano kwa kila aina, kwa sababu kopo moja moja halisemi kitu. Mbegu iwe ya mfuko mmoja, uichague kwa mkono, isiyo na madoa. Ukiweza, weka na makopo yenye udongo wa sehemu nzima ya shamba. Mwagilia sawa yote, na maji ya makopo ya udongo mbichi yasirukie wala kuchuruzikia makopo ya udongo uliopikwa.

Baada ya wiki tatu au nne osha mizizi yote. Mizizi ya udongo uliopikwa ikiwa myeupe na ya udongo mbichi ikiwa kahawia, adui ni hai. Ya mchanganyiko ikioza nayo, umethibitisha kwamba chanzo cha ugonjwa kinasafiri na udongo kidogo tu, kwa hiyo hata jembe linalotoka kwenye kiraka linaweza kukipeleka. Lakini yote yakidumaa sawasawa na mizizi iko salama, acha habari ya fangasi. Pima uchachu wa udongo na fosforasi, maana milima yenu inapata mvua nyingi na udongo wake mwekundu huwa na uchachu. Nakuonya jambo moja: kupika udongo huachia naitrojeni, kwa hiyo mimea ya udongo uliopikwa inaweza kuwa ya kijani zaidi kwa sababu hiyo tu. Hukumu kwa mizizi, usihukumu kwa majani.

Dawa uliyopewa ya kupuliza majani haiwezi kuufikia mzizi unaooza, usinunue tena kwa kazi hii. Dawa ya kupaka mbegu ni jambo jingine. Yenye metalaksili humzuia pithiamu kwa wiki za mwanzo, lakini haimgusi fusari wala rizoktonia. Yenye kiuatilifu cha wadudu ndani yake humzuia inzi. Kwa hiyo kuosha mizizi kwanza ndiko kutakuambia kama fedha yako itafanya kazi. Nunua iliyosajiliwa na yenye lebo, vaa glavu, na mbegu iliyopakwa dawa isiguse chungu wala isipewe kuku, hata njaa iwe vipi.

Lililo kubwa kuliko dawa ni kuyaondoa maharage kwenye viraka hivyo kwa misimu mitatu au minne hivi. Weka mahindi, au muhogo kama unaweza kusubiri. Usiweke karanga wala kunde ukadhani umebadilisha zao, kwani baadhi ya hawa fangasi hukaa humo vizuri tu. Mbegu za fusari hazitakwisha kwa muda huo, ila zitapungua kiasi cha maharage kuweza kuzivumilia. Ukijua adui wako ni pithiamu, mzunguko peke yake hautoshi kwa sababu anaweza kuishi kwenye mizizi ya mazao mengi, mahindi na mtama yakiwemo. Huyo unamshinda kwa kuondoa maji: matuta yaliyoinuka, na mfereji wa kuyatoa maji kibondeni.

Hapa nalikumbuka funzo la shayiri, ambalo naona linatufaa kuliko lile la ngano. Kaskazini magharibi mwa Marekani watafiti waliona shayiri ikioza mizizi kwa rizoktonia vibaya zaidi pale magugu na maotea (mimea ya zao lililopita iliyojiotea yenyewe) yalipouliwa siku chache tu kabla ya kupanda. Fangasi huyahama magugu yanayokufa na kuingia kwenye mche mchanga ulio jirani. Walipoyaua wiki mbili tatu mapema, ugonjwa ulipungua sana. Kwetu mwezi wa pili watu huvuna ya kwanza, hulima magugu na kufukia, na kesho yake mbegu iko chini. Ungetafuta namna nzuri zaidi ya kumlisha pithiamu usingeipata. Ng'oa maotea ya maharage yote, lima mapema, subiri angalau wiki mbili majani yaoze. Mizizi na makapi ya maharage yaliyougua msiyarudishe shambani baada ya kupura. Yachome.

Vivyo hivyo na mbolea ya kijani. Majani ya alizeti pori yanayoota pembeni mwa barabara, au ya miti ya kaliandra na lusina, yanaurudishia udongo uhai na viumbe vinavyomnyima fangasi nafasi, lakini yafukiwe wiki mbili au tatu kabla. Samadi iwe imeiva kabisa.

Kisha kupalilia. Maharage yakifikisha wiki mbili au tatu, palilia na uinulie udongo kwenye shina hadi karibu na majani ya kwanza. Mmea uliopoteza mzizi mkuu utatoa mizizi mipya ndani ya udongo huo, na unaweza kukuletea mavuno wakati ule usioinuliwa udongo umekufa. Kazi hii haina gharama, na inasaidia kwa inzi pia. Usipalilie udongo ukiwa tope, wala maua yakishatoka, utaikata mizizi hiyo hiyo unayoitegemea.

Mbegu nayo. Kenya walipata nafuu kwa aina kama KK8 na KK15, na wazalishaji wa mbegu katika ukanda huu wametumia RWR 719, harage dogo jekundu, kama mzazi mwenye kustahimili pithiamu. Uliza kwa afisa ugani wako na kwa TARI, taasisi ya utafiti wa kilimo Tanzania, ni aina gani zilizothibitishwa nchini zinazofaa mwinuko wenu. TARI Kihinga iko Kigoma hapo, na ingawa inajulikana zaidi kwa michikichi, inaweza kukuelekeza kwa wenzao wa maharage. Kama unapanda mchanganyiko wa rangi, wengi wa huko hupanda hivyo, tembea katikati ya viraka ukaangalie ni rangi gani bado imesimama na kuzaa. Vuna hizo kando, chagua maganda safi yasiyo na madoa ya ugonjwa wa chule, uzijaribu msimu ujao kwenye mstari wake, ubavuni mwa mbegu yako ya kawaida. Mmea mmoja kusimama inaweza kuwa bahati, lakini rangi moja ikisimama mahali pengi inafaa kujaribiwa tena.

Kuhusu ada, najua huwezi kuacha maharage yote mara moja. Kwa mwezi wa pili ningefanya hivi: viraka na hatua kama tatu kuvizunguka vyote mahindi. Sehemu nzima ipande maharage juu ya matuta, ukianza kulima upande mzima na kumalizia kwenye viraka ili jembe lisirudi na udongo. Kama una ndugu mwenye shamba lililokuwa la muhogo au mahindi, mbadilishane kwa msimu mmoja au miwili.

Ukitaka maabara ikuthibitishie, chimba mimea kumi ya ukingoni pamoja na udongo wake, usiioshe, ifunge kwenye gazeti na kisha kwenye boksi, usitie kwenye mfuko wa nailoni kwa sababu itaoza njiani. Andika kijiji, tarehe ya kupanda, aina ya mbegu na zao lililotangulia. Ofisi ya kilimo ya Halmashauri inaweza kukusaidia kuipeleka TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu, Arusha, au Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro. Ipeleke mwanzoni mwa wiki isije ikalala stendi Jumamosi na Jumapili.